Gari la zamani la kununua na likadumu: nazipanga kuanzia ya kwanza mpaka za kuzikimbia

Kila wiki lazima nitumiwe picha za gari WhatsApp. Picha nne za nje, moja ya dashibodi, moja ya siti zimevalishwa kava jipya, halafu swali ni lile lile, "kaka hii vipi, namba D hii, nichukue?" Mimi nauliza injini yake ni ipi na huyo anayeuza amekaa nayo muda gani, basi hapo mtu anaandika anafuta anaandika anafuta, kwa sababu hajui. Anachojua ni herufi na rangi.

Tuanze na hiyo herufi maana ndio inawapiga watu wengi mjini hapa. Namba A, B, C, D, E inakuambia gari imesajiliwa lini Tanzania, basi. Haikuambii imetoka kiwandani lini na haikuambii imeishije. Toyota IST ile ya kwanza, tuliyoizoea, ilitengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2007 ikaisha, kwa hiyo ukiona IST namba C na nyingine namba E zimepaki pamoja ujue zinaweza kuwa zimezaliwa mwezi mmoja. Tofauti ni kwamba ya namba E imekaa Japani miaka mingi zaidi kwenye lami laini, na ya namba C imekula mashimo yetu muda huo wote. Hiyo ni faida ya kweli sikatai, ila sio faida ya milioni nne. Ya namba C iliyotunzwa na mzee mmoja mwenye daftari la sevisi naichukua kabla ya namba E iliyopigishwa tripu za abiria mchana na usiku.

Na kwa nini tunanunua za zamani hapa hapa badala ya kuagiza? Kodi. Ukiagiza gari iliyovuka miaka 8 TRA (mamlaka ya mapato) wanakuongezea ushuru wa uchakavu, ikivuka 10 unaongezeka tena, mpaka ifike kwako kodi inakaribia au inapita bei uliyonunulia. Wakenya wao hawana hata hiyo ya kuongezewa, gari iliyovuka miaka 8 haiingii kabisa. Kwa hiyo sisi huku tuna gari za miaka 20 barabarani na tutaendelea kuwa nazo, cha kujua ni ipi ina miaka mingine 7 ndani yake na ipi imebakiza wiki tatu.

Mimi sio fundi. Mimi ni mtu aliyepigwa mara moja akakasirika, nikaanza kushinda kwa fundi wangu Jumamosi, yuko chini ya mwembe hana hata bango, naangalia nini kinaletwa kwa kuvutwa na kinaharibikaga nini. Gari yangu ya kwanza sitaitaja jina maana gari yenyewe haikuwa na kosa. Dalali aliniambia "boss hii ilikuwa ya mama mmoja hivi wa ofisini, yeye ni nyumbani kazini tu". Nadhani huyo mama ameuza gari nusu ya Dar es Salaam. Nikaizungusha mtaani robo saa, mshale wa joto uko chini kabisa, nikafurahi, nikasema hii injini ya baridi kweli. Wiki ya tatu naenda Lushoto, kutoka Mombo kupanda Soni ule mlima unaujua, kona juu ya kona, mshale ukaanza kupanda kama unaitwa. Nikasimama pembeni, mvuke, harufu tamu ya kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji ya bomba. Fundi wa Mombo kufungua akakuta themostati (ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) haipo, imetolewa, feni imeungwa direkti ikiwashwa gari inazunguka muda wote, na gasketi ya hedi ilishakwenda siku nyingi. Yaani mtu alijua gari inachemsha, badala ya kutengeneza akaficha, akauza.

Tangu siku hiyo nina imani moja kwenye gari za zamani, nayo ni kwamba kinachoua injini za Kijapani huku kwetu ni joto na oili, sio kilomita. Injini ya Toyota ya kawaida kufika kilomita laki tatu sio habari kama haijawahi kuchemshwa na imebadilishiwa oili kwa wakati. Ikichemka mara moja vibaya hata kama ina kilomita elfu sitini imekwisha. Kwa hiyo orodha yangu hapa chini siipangi kwa uzuri wala kwa heshima ya kwenye harusi, naipanga kwa injini na gia boksi, na kama spea yake unaipata Gerezani Kariakoo ndani ya saa moja au unaambiwa "acha namba yako tutakupigia".

Namba moja: chochote chenye 1NZ na gia boksi ya kawaida

1NZ-FE, sisi (cc) 1490 na ushee, watu wanaiita tu 1.5. Hii injini Toyota waliitia kila sehemu, IST, Raum, Spacio, Premio na Allion ndogo, Corolla NZE, Probox, Fielder. Inatumia cheni sio mkanda, haina mambo mengi, kila fundi ameshaifungua, na spea zake ni kama nyanya, mpya zipo, za mtumba zipo, feki pia zipo tele angalia hapo. Gia boksi yake kwenye hizo nilizotaja mara nyingi ni ya gia nne ya otomatiki ya kizamani, ambayo ukiibadilishia oili sahihi inakaa.

Sasa ndani ya kundi hili watu wote wanakimbilia IST na hapo ndipo siko pamoja nao. IST ndio gari ya teksi za mtandao kama Bolt mji huu, nyingi zimefanya kazi mchana na usiku, na kwa sababu kila mtu anaitaka bei yake imepanda kuliko thamani. Raum ya pili ni injini ile ile, nafasi kubwa zaidi, mlango wa kuslaidi ambao abiria wa teksi huubamiza kwa hiyo madereva hawaipendi sana, matokeo yake nyingi ziko kwa watu wa familia. Ina sura ya mkate wa boflo, sawa, lakini ukiwa ndani huioni. Cha kuangalia kwenye Raum ni huo mlango wenyewe na mipira yake, maana upande wa kushoto haina nguzo ya katikati, mpira ukichoka mvua inaingia na kapeti linanuka.

Spacio naiweka baada ya Raum, IST ya tatu, na ukichukua IST soma kibati cha chasisi, NCP61 ni 1.5, NCP60 ni 1.3 yenye injini ndogo ya 2NZ ambayo nayo ni nzuri tu, ila usiuziwe 1.3 kwa bei ya 1.5. NCP65 ni foo wili, inakula zaidi na mitambo ya nyuma inaongeza vitu vya kuharibika, kama hukai kwenye tope huihitaji. Probox ukiipata ambayo haijabeba mizigo chukua fasta, ila utaipata wapi? Ile gari Wakenya wanabebea miraa kutoka Meru, inajulikana inavyokimbizwa.

Angalizo, Ractis nayo ina 1NZ lakini nyingi zina CVT (gia boksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua), hiyo haimo kwenye namba moja yangu.

Namba mbili: Carina Ti na Corolla 110

Wengine watacheka. Carina Ti ya mwisho imetoka kiwandani 2001, kwa hiyo hata iliyo changa imeshapita miaka 20, na bado zinatembea Dar mpaka Tunduma. Injini ni 5A au 7A, za mkanda, na uzuri wa hizi ni kwamba mkanda ukikatika gari inazima tu, vali hazigongani na pistoni, unavutwa unafungwa mkanda mwingine maisha yanaendelea. Umeme wake mdogo, hakuna kompyuta ishirini. Kama bajeti yako ni ndogo kabisa na una fundi mzee, hii ndio gari.

Tatizo sio injini ni umri. Mipira yote imekauka, nyaya zimekakamaa, nati zimeshika kutu, kila fundi aliyepita amekata waya wake na kuunga wake. Bodi ndio ya kuangalia, nyanyua kapeti la miguuni na la buti, ukiona bati limeoza au limepakwa rangi nyeusi mpya ya chini funga mlango uondoke. Magari yaliyokaa karibu na bahari, Tanga, Kigamboni, Zanzibar, chumvi inayala taratibu kutoka chini, na hata yanayotoka Japani mengine yametoka mikoa ya theluji wanakomwaga chumvi barabarani, yanafika huku juu yanang'aa chini kumeoza.

Namba tatu: zenye 3S, yaani RAV4 ya kwanza na Noah ya zamani

Kwa wenye familia kubwa au barabara mbaya. Noah SR40, ile wanaiita old model, na RAV4 ya miaka ya 90, zote zina injini ya 3S-FE ya sisi 2000. Ngumu, rahisi, ya mkanda. Inakunywa mafuta, usije ukanilaumu, foleni ya Mwenge mpaka Tegeta utaisikia mfukoni. Noah ina injini chini ya siti, kwa hiyo wengi hawaangalii maji mpaka ichemke. Noah nyingi zimewahi kuwa daladala za mikoani, angalia vitasa vya kufungulia milango na sakafu, bati la sakafu la gari ya abiria linakuwa limechakaa mpaka linang'aa.

Namba nne: Passo ya 1.0

Gari ya mtu mmoja na mkoba wake. Injini ya silinda tatu, 1KR, ikiwa imesimama inatikisika kidogo na hiyo ni kawaida yake usiogope. Mafuta inanusa. Haiko juu kwenye orodha kwa sababu moja tu, gari ndogo watu wanaipuuza, anayeinunua mara nyingi ndio gari yake ya kwanza hajui kuangalia oili, na injini ndogo haisamehe. Lita tatu za oili zikipungua moja umebaki na mbili.

Za katikati, ukizijua

Premio ya 1.8 yenye 1ZZ. Gari tamu, nzuri kuendesha, lakini 1ZZ za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina sifa ya kula oili dunia nzima, sio uzushi wa mafundi wetu. Matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni yalikuwa madogo yanaziba, ringi zinashika. Ukiipenda, vuta stiki ya oili kabla hajaanza kuongea, ikiwa iko chini au mwenye gari anatembea na kopo la oili kwenye buti, umeshajibiwa.

Harrier, hii ya kuanzia 2003. Ya 2.4 ndio ya kununua kama lazima ununue. Ya V6 3.0 ina raha lakini ile injini ikicheleweshewa oili inatengeneza tope zito kama grisi ndani, fungua kifuniko cha kujazia oili umulike na tochi ya simu, ukiona ukoko mweusi mzito chini ya kifuniko achana nayo. Halafu Harrier watu wananunua kwa heshima kisha hela ya sevisi hawana, kwa hiyo nyingi sokoni zimelelewa kwa njaa.

X-Trail ya kwanza, T30. Bei yake inavutia, nafasi kubwa. Inakufa ghafla barabarani kwa sababu ya sensa za kamshafti na krankshafti, hilo ni gonjwa linajulikana na dawa yake ni sensa halisi, sio za bei chee. La pili ni kula oili, na masega ya kwenye ekzosi (yale ya kusafisha moshi) yakianza kumeguka ndio mwisho wa injini unasogea. Kwa bahati mbaya au nzuri nyingi huku masega yalishatolewa na kuuzwa siku nyingi.

Za kuzikimbia, au za kununua ukiwa na fundi wako na akiba yako

Chochote kilichoandikwa D4 juu ya kava la injini. Premio ya 2.0, Noah na Voxy za kuanzia 2001, RAV4 ya pili ya sisi 2000, na zile Crown Athlete vijana wanazozililia, injini zake za 2.5 na 3.0 ni familia hiyo hiyo. Nieleze kidogo maana watu wanasikia tu D4 mbaya hawajui kwa nini. Injini ya kawaida inanyunyizia petroli kabla ya vali, kwa hiyo petroli inaziosha vali kila siku. D4 inanyunyizia ndani ya silinda moja kwa moja kwa presha kubwa, vali hazioshwi, masizi yanajijenga miaka na miaka mpaka njia ya hewa inaziba nusu. Dalili unaziona, silensi (mzunguko wa injini) inapanda inashuka ikiwa imesimama, asubuhi inamisi, moshi mweusi. Juu ya hapo kuna pampu ya presha kubwa na nozeli ambazo hazipendi mafuta machafu, na bei zake sio za Gerezani za kujadiliana. Je, hakuna D4 nzima? Zipo, ninamjua mtu ana Crown anaitunza kama mtoto, kila mwaka anasafisha njia za hewa. Ila yeye anaipenda na ana hela. Wewe unatafuta gari ya kudumu.

Forester na Subaru nyingine za injini ya EJ20. Hapa nitatukanwa. Ni gari imara barabarani, inashika njia kwenye mvua kama kunguni, lakini injini imelala, gasketi za hedi ni mbili na zote zinajulikana kwa kuvuja, mkanda wa taimingi unatakiwa kubadilishwa kwenye kilomita laki moja na ukikatika huu vali zinapinda, sio kama Carina. Kama fundi wako hajawahi kuishusha EJ akaipandisha, atajifunzia kwako.

Honda Fit ya kwanza, Nissan Note na ndugu zao wenye CVT. Injini zao hazina neno. CVT yenyewe ikiwekewa oili yake sahihi inatembea vizuri tu, tatizo huku kwetu mtu wa tatu aliyeimiliki alishaweka oili yoyote nyekundu aliyoikuta dukani, na CVT ikiwekewa oili ya gia boksi ya kawaida inakufa polepole bila kelele. Huwezi kujua nani aliweka nini. Kwa hiyo mpaka muuzaji akuonyeshe risiti mimi nahesabu imeshawekewa.

Za Ulaya za miaka 15 sizungumzii, wenye nazo wanajijua.

Sasa umeipata, unaikaguaje

Cha kwanza unapanga miadi asubuhi na unamwambia muuzaji waziwazi "usiiwashe mpaka nifike". Ukifika kabla ya kusalimiana vizuri weka kiganja juu ya boneti. Mara ya mwisho nilimsindikiza shemeji Mbagala kuangalia Spacio, tumefika saa moja na nusu asubuhi, jamaa yuko getini anatabasamu, "karibuni wakuu, gari ndio hiyo, haijawashwa tangu jana". Boneti ya moto. Nikamwambia shem twende tukanywe chai, tutarudi. Tukakaa kwa mama ntilie masaa mawili na nusu, chapati, supu, tukarudi, tukawasha yenyewe ikiwa imepoa. Sekunde kama kumi za mwanzo ikatoa moshi wa bluu, halafu ukapotea kabisa. Hiyo ndio alikuwa anaificha. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mweupe usioisha wenye harufu tamu ni maji yanaingia kwenye silinda, mweusi ni petroli nyingi. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi unaoisha hauna shida.

Ikiwa bado baridi fungua kifuniko cha rejeta, baridi tu, ikiwa moto usiguse utaungua uso. Unataka kuona kulanti ya rangi, kijani au nyekundu au pinki. Ukiona maji meupe ya bomba ni alama mbaya ndogo, ukiona maji ya kutu rangi ya chai ni alama mbaya kubwa, ukiona utando wa mafuta juu nenda nyumbani. Washa ukiwa umeacha wazi, mapovu yakija mfululizo ni hedi. Halafu ile themostati yangu ya Mombo unaijua hivi: rejeta kwa chini inatakiwa ibaki ya baridi dakika kadhaa injini ikiwa inapata moto, halafu joto lije. Ikianza kupata uvuguvugu kidogo kidogo tangu mwanzo, imetolewa. Gari ndogo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi, hiyo ikikaa inawaka safari nzima ujue ni hivyo hivyo. Na sikiliza feni, inatakiwa iwake izime, sio kuzunguka tangu unageuza ufunguo.

Taa za dashibodi. Washa swichi bila kupiga stata, taa zote ziwake, ya injini, ya eabegi, ya ABS, ya oili, ya betri. Halafu piga stata zizimike. Watu wanaangalia kama taa ya injini imezimika, hawaangalii kama iliwaka kwanza. Isipowaka mwanzoni balbu imetolewa au imezibwa na kipande cha selotepu nyeusi, nimeiona kwa macho yangu, tena selotepu imekatwa vizuri kwa wembe.

Kilomita za kwenye dashibodi ni hadithi, zinarudishwa kwa kompyuta ndogo nusu saa. Lakini Mjapani ana tabia moja inatusaidia. Akibadilisha oili au mkanda anabandika stika, kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti, ina tarehe na kilomita. Wauzaji wengi hawaitoi kwa sababu hawaielewi. Mwaka mara nyingi umeandikwa kwa kalenda yao ya Heisei, ukiona 25 jumlisha na 1988 unapata 2013. Sasa kama stika ya 2013 inasema kilomita 112,000 na dashibodi leo inasema 87,000, huna haja ya kugombana, piga picha tu umuonyeshe kimya kimya kisha mjadili bei au muachane. Angalia pia mpira wa pedali ya breki na usukani sehemu ya mkono wa kulia, pedali iliyoliwa mpaka chuma haijatembea kilomita elfu themanini tu. Stika ikiwa haipo na pedali ni mpya kabisa kuliko gari, nayo inasema kitu.

Gia boksi uijaribu ikiwa baridi na ikiwa moto, zote mbili. Kanyaga breki, toa P weka R, hesabu, ikichukua zaidi ya sekunde mbili kushika au ikashika kwa kugonga kama umepigwa teke kwa nyuma hiyo gia boksi imechoka. Halafu itafutie mlima, simama katikati, ondoka taratibu. Inayoteleza inapandisha mzunguko bila kwenda. Ikiwa ina stiki ya gia boksi ichomoe unuse, harufu ya kuungua unaijua hata kama hujawahi kusoma.

Makelele ya chini, shokapu, bush, stendi linki, boljointi, hayo usiyaogope. Yanakera yanagonga kila shimo, lakini ni hela ndogo na Gerezani wanayo kila rangi. Tumia kushusha bei. Nimeona mtu kaacha Raum nzima yenye injini safi kwa sababu ya bush mbili, akaenda kuchukua Crown iliyotulia kama kaburi, anajua mwenyewe alipofikia.

Mafuriko ni la kutaja haraka. Gari iliyolala kwenye maji inanuka ukungu hata ikipigwa pafyumu, vuta mkanda wa siti mpaka mwisho wake, mstari wa matope utaukuta huko ndani kwa sababu hakuna anayekumbuka kuufua.

Makaratasi: namba ya chasisi kwenye kadi isomane na iliyogongwa kwenye bodi, herufi kwa herufi, na namba ya injini pia, maana injini nyingi zimebadilishwa na kadi haikubadilishwa. Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, yanamfuata gari sio mtu. Hela usitoe yote kabla ya kuandikishana mbele ya wakili na kuanza kubadilisha jina TRA, huo mchezo wa "utabadilisha taratibu" umewaliza wengi.

Na bei ukishaimaliza, mfukoni ubakiwe na asilimia kama kumi na tano ya hiyo bei, sio ya mziki na rimu. Siku ya kwanza ipeleke kwa fundi, oili na filta, kulanti halisi baada ya kuosha rejeta, themostati mpya hata kama ipo, plagi, oili ya gia boksi ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kama ni ya mkanda basi mkanda na pampu ya maji kwa pamoja bila kumuuliza aliyekuuzia uliwekwa lini. Shemeji ile Spacio tuliiacha. Amechukua Raum ya Mbezi, namba C, rangi imechubuka bampa la nyuma, mzee aliyemuuzia alikuwa na daftari la sevisi limeandikwa kwa kalamu ya bluu tangu 2014, kuna mpaka siku alizoongeza upepo.